Yule ndama wa swala arudishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie hadithi ya mfululizo mnayoichapa kwenye ukurasa wa watoto, ile ya kaka na dada waliopotea porini. Sehemu mbili zimeshatoka. Wajukuu wangu hulinyang'anya gazeti mikononi mwangu kabla sijafika kurasa za michezo, na sehemu zote mbili nimewasomea mimi mwenyewe kwa sauti, maana mdogo wao bado anasoma kwa kutembeza kidole. Nasema hivyo ili nisieleweke vibaya. Anayeandika barua hii anapenda hadithi za watoto. Ila ni mtu aliyefanya kazi ya askari wa wanyamapori tangu ujanani hadi kustaafu, na angeomba sehemu ya tatu isiende mitamboni kabla mwandishi hajasikia ombi moja: yule ndama arudishwe alikookotwa.

Kwa faida ya ambao hawakusoma, mambo yako hivi. Katika sehemu ya kwanza watoto wanamkuta ndama wa swala amelala peke yake kwenye majani marefu. Mama haonekani. Ndama hatikisiki hata anaposogelewa. Yule msichana anasema, "Maskini, mama yake ameliwa," wanamwokota, wanampa jina, na sehemu ya pili inaishia usiku wakimnywesha maziwa ya kopo huku fisi akicheka gizani. Mwandishi anaijua kazi yake, sina ubishi. Tulipofika kwa yule fisi nilishikwa mkono pande zote mbili. Tatizo ni kwamba kila alichokiona yule msichana kuwa dalili ya yatima ni dalili ya ndama mwenye mama, tena mama mwangalifu.

Swala tomi hulea hivyo, na pongo, na tohe. Katika siku za mwanzo ndama hakai na mama yake. Hujikunja kwenye nyasi, shingo chini, masikio yamelala, na mama huenda kulisha mbali kidogo. Mbali makusudi, kwa sababu mnyama mzima anaonekana na ananukia, wakati ndama aliyetulia hana harufu ya kutosha kumwita mwindaji. Mama hurudi mara chache kwa siku kumnyonyesha, kisha huondoka tena. Nyumbu ana utaratibu wake mwingine kabisa: ndama wake husimama dakika chache baada ya kuzaliwa na kuanza kumfuata mama. Mtu aliyezoea kuona ndama wa nyumbu akikimbia na kundi, akimkuta wa swala amelala peke yake, ataapa kuwa huyu katupwa.

Nikiwa kijana kazini, mkuu wetu wa doria alinilaza kifudifudi nyuma ya kichuguu na kunionyesha kwa kidevu kichaka cha nyasi. "Pale," akasema. Sikuona kitu. Mbali kulikuwa na swala tomi jike akilisha, wala hakuwa akigeukia upande ule. Jua likatuunguza, sisimizi wakatutembelea, jike yule akaendelea kula kana kwamba hana deni na mtu duniani. Jioni ndipo alipoanza kusogea, lakini si moja kwa moja. Alienda kulia akasimama, akarudi kushoto akala kidogo, akatazama kwingine. Alipofika karibu alitoa sauti ndogo ya puani, na palepale nilipokuwa nimetazama mchana kutwa bila kuona chochote, ndama akainuka. Alikimbilia chuchu, akawa ananyonya huku anampiga mama matumbo kwa kichwa. Mama naye alikuwa na shughuli upande wa nyuma: alimlamba chini ya mkia, na kila kilichotoka, mkojo na kinyesi, alikimeza. Mkuu wangu akaninong'oneza kwamba pale anafuta ushahidi, bweha asipate cha kunusa.

Nilidhani sasa mama atamrudisha mafichoni. Hakumrudisha. Ndama mwenyewe aliondoka, akanusa kichaka kimoja, akakikataa, akaenda cha pili, akazunguka, akakunja miguu, akazama. Mama alisimama kwa mbali akitazama anapolala, kisha akaenda zake bila kugeuka nyuma. Yaani maficho huchaguliwa na mtoto, na mama kazi yake ni kukumbuka.

Niliposimulia hayo nyumbani, mjukuu wa kati aliposikia kwamba mama alimeza kinyesi alipiga kelele kwa furaha, na ilibidi nirudie kipande hicho kabla hawajakubali kulala. Kwa hiyo msiseme ukweli wa porini hauna msisimko wa kutosha kwa watoto.

Wanaookota ndama hawa ni watu wema, na hilo ndilo linaloniumiza. Tulikuwa tunaletewa getini wamefungwa kwenye kanga, wengine kwenye masanduku, na aliyeleta anasubiri ashukuriwe. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha na wengi hufa. Anayepona naye ana yake, hasa akiwa dume. Pembe zinaota, woga wa binadamu hauoti. Aliyelelewa na watu huwaona watu ndio madume wenzake, na dume mwenzake humpiga pembe. Hadithi haifiki huko. Hadithi huishia kwenye chupa ya maziwa na jina zuri.

Najua nitajibiwa: Mzee, hii ni hadithi tu. Mbona Sungura anaongea, anakopa fedha, anamdanganya Fisi akafungwa kwenye mti, na hatujawahi kuona barua yako?

Sitaandika barua kwa ajili ya Sungura. Naye nawasimulia, tena kwa sauti yake. Sungura anapomlaghai Fisi hakuna mtoto anayeondoka pale akidhani amefundishwa habari za wanyama. Anajua fika kwamba Fisi yule ni binadamu mroho, na Sungura ni yule mjanja asiyekosekana katika kila ukoo. Hadithi yenu imefanya jambo lingine. Imechora ramani. Imetaja miti kwa majina. Imeeleza namna ya kutafuta maji kwenye mkondo mkavu wa mto kwa kuchimba upande wa nje wa kona, na hilo ni kweli, nimelifanya. Mtoto akishaambiwa ukweli kuhusu maji, ana haki ya kuamini na anachoambiwa kuhusu ndama. Na siku atakayokuta ndama kwenye majani, atafanya alichofanya yule msichana.

Ugomvi huu si mpya, na hata wakubwa waligombana kwa ajili yake. Mwaka 1903 mtaalamu wa mambo ya asili wa Marekani, John Burroughs, aliandika katika jarida la Atlantic Monthly akiwashambulia waandishi wa hadithi za wanyama waliokuwa wakisomwa mno na watoto. Mmoja wao aliandika, tena kwa kuapa kuwa ni kweli tupu, kwamba ndege aliyevunjika mguu alijifunga mwenyewe kwa udongo na majani, akakaa kusubiri ukauke kama aliyetoka kwa daktari na plasta. Kelele ziliendelea miaka hata Rais Theodore Roosevelt akaingia hadharani mwaka 1907 upande wa Burroughs. Roosevelt huyohuyo mwaka 1909 alikuja Afrika Mashariki na mwanawe, wakaua wanyama 500 na ushee kwa bunduki zao. Kwa hiyo kusema kweli juu ya mnyama si lazima kukufanye umwonee huruma. Nakubali. Lakini huruma isiyo na ukweli ndiyo ile tuliyokuwa tukiletewa getini imefungwa kwenye kanga.

Nije kwa fisi. Katika sehemu ya pili ametokea kama anavyotokea siku zote: anachechemea, anadondosha mate, mwoga, anasubiri mizoga ya wengine, na anawacheka watoto. Nimeishi na fisi madoa usiku mwingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na katika sifa hizo ni kuchechemea tu ninakoweza kukuachieni, maana mgongo wake kweli umeshuka nyuma.

Zamani hata wataalamu walimchukulia fisi kuwa mla masalia tu, kwa sababu walitoka asubuhi na kukuta simba juu ya mzoga na fisi wamekaa pembeni. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk akaamua kuwafuata usiku, Serengeti na Ngorongoro. Akakuta kwamba fisi wanawinda wenyewe, wanamwangusha nyumbu na punda milia, na kule Ngorongoro mara nyingi ni wao walioua usiku na simba ndiye aliyekuja kupora. Kulipokucha watu walikuwa wanamwona mwizi anakula na mwenye mali anangoja.

Kicheko nacho mmekigeuza. Fisi hacheki kwa sababu amefurahi au anapanga ubaya. Sauti ile hutoka zaidi akiwa amebanwa au amechokozwa, kwa mfano anapofukuzwa kwenye nyama na mkubwa wake. Na mkubwa wake ni jike. Kwa fisi madoa majike ndio wenye umbo kubwa na ndio watawala, na mtoto hupata cheo kwa mama yake. Watoto wenyewe huzaliwa macho wazi na meno tayari mdomoni. Mwandishi mwenye kipaji kama wenu, akipewa malkia na binti zake ndani ya pango, anahitaji jitu la kudondosha mate la nini?

Sisemi fisi awe rafiki wa watoto. Awatie hofu, na ni vizuri awatie hofu, kwa sababu taya zile zinavunja mfupa wa paja la nyati. Ila mtoto aogope kitu kilichopo. Mwanafunzi aliyelishwa miaka yote kuwa fisi ni uchafu tu, akikua na kuwa na mifugo, na mmoja akamla ndama wake zizini, haoni shida kunyunyizia sumu mzoga na kuuacha nje. Na sumu haichagui. Fisi atakufa, bweha atakufa, na angani tumbusi wameshaona.

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu tumbusi walikuwa wenzetu wa kazi. Askari wa doria hutazama juu kuliko anavyotazama chini. Tumbusi wakizunguka mahali pamoja kisha wakashuka mmoja baada ya mwingine, pana kitu kimekufa, na wewe unakwenda kujua kimekufaje. Majangili wanalijua hilo vilevile. Ndiyo sababu wengine huweka sumu kwenye mzoga wa tembo waliyemng'oa meno, ili wale wanaotoa taarifa wafe kwanza. Mwaka 2019 nchini Botswana tumbusi zaidi ya 500 walikutwa wamekufa kwenye mizoga mitatu tu ya tembo iliyotiwa sumu. Na tumbusi wengi hutaga yai moja kwa msimu. Piga hesabu mwenyewe.

Katika hadithi za watoto ndege huyu hupewa kazi gani? Hukaa juu ya mti uliokauka, kipara, akingoja shujaa afe. Basi. Kumbe mwaka 1973, juu ya Ivory Coast, ndege ya abiria iligongana na tumbusi ikiwa kwenye urefu wa mita 11,300. Kule juu ambako sisi tunabanwa na kuvalishwa vinyago vya hewa, yeye alikuwa anapita na shughuli zake. Nimewaambia wajukuu hilo na sasa mkubwa anatembea ametazama juu, anajikwaa kila mahali.

Sasa nirudi kwenye ombi langu. Mwandishi hajachelewa. Kwa mujibu wa sehemu ya pili watoto wamekaa na ndama mchana mmoja na usiku mmoja. Ndama aliyeokotwa kimakosa akirudishwa mapema palepale alipotolewa, mama huwa bado yupo jirani anamtafuta, na yale maneno kwamba mama humkataa mtoto aliyeguswa na binadamu yamewafanya watu wengi wasijaribu hata kurudisha. Kwa hiyo sehemu ya tatu iwe safari ya kurudi: watoto wawili, ndama mmoja mwenye njaa, njia wanaijua nusu, na jua halisubiri. Mimi si mtunzi, lakini hata mimi naona hiyo ni hatari kubwa kuliko fisi wa kuchekacheka.

Njiani wakutane na nyayo. Kaka aseme ni chui, dada apinge, na ainame aonyeshe alama za kucha mbele ya kila kidole. Fisi hawezi kuficha kucha. Chui na simba huzirudisha ndani wanapotembea, kwa hiyo nyayo zao hazina alama hizo. Na karibu na nyayo pawe na kinyesi cheupe kama chokaa, kwa ajili ya mifupa. Msikiondoe kinyesi, tafadhali. Wahariri wa watoto hukata vitu hivyo, na ndivyo watoto wanavyovikumbuka.

Kisha tembo. Nawasihi, kiongozi asiwe dume mwenye meno ya kufagia ardhi. Kundi la familia huongozwa na jike, kwa kawaida lile kubwa kwa umri, na madume wakishabalehe huondoka. Utafiti wa Amboseli ulioanzishwa na Cynthia Moss mwaka 1972 umewafuata tembo hao kizazi baada ya kizazi wakijulikana mmoja mmoja. Hukohuko wataalamu waliwachezea tembo sauti za simba zilizorekodiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011: familia zenye kiongozi wa miaka 60 na zaidi zilikuwa hodari zaidi kutambua ngurumo ya simba dume, ambaye ndiye hatari zaidi kwa ndama. Bibi alikuwa anasikia tofauti ambayo vijana hawakuisikia. Wajukuu wangu walimgeukia bibi yao niliposoma hilo, naye akasema amekuwa akituambia siku zote.

Watoto wenu wafanye nini wakimwona bibi huyo mbele? Wasimpande mgongoni. Wasimwokoe kwenye tope kwa kamba ya viatu. Yule dada achukue vumbi kidogo, aliachie lidondoke, aone upepo unakwenda wapi, kisha wazunguke kwa upande ambao harufu yao haitamfikia, hata kama njia hiyo ni ndefu na ndama anazidi kulegea. Hapo msomaji atakuwa amejifunza kwamba kuna njia ambazo si zako, na hakuna mtu aliyemhubiria.

Wakati wanazunguka, natamani mlembe atokee. Ni ndege mdogo, rangi yake haina cha kujivunia, lakini ni miongoni mwa wanyama wachache sana wa porini wanaomwita binadamu kwa hiari yao wenyewe. Anajua mzinga ulipo, hawezi kuufungua. Wewe unaweza kuufungua, hujui ulipo. Anakuja anapiga kelele, anaruka mti hadi mti, unamfuata, unatoa asali, naye anabaki na nta. Kule Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaomalizikia kwa mguno. Watafiti waliupima mlio huo na kutoa matokeo mwaka 2016: ukiutumia, nafasi ya kuonyeshwa mzinga inapanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Wahadzabe wa Tanzania wao humwita kwa mluzi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2023, ukaonyesha kwamba walembe wa kila upande huitikia zaidi wito wa watu wa upande wao.

Basi mlembe awaite watoto wetu wenye njaa, mzinga uwe upande wa kushoto na mahali pa ndama upande wa kulia. Hapo mwandishi hahitaji fisi hata mmoja. Na mtu asije akamfanya mlembe malaika: hutaga kwenye viota vya ndege wengine, na kifaranga chake, kikiwa bado kipofu, kina ndoano mdomoni za kuwaua nazo vifaranga wa mwenye nyumba. Liandikwe na hilo.

Nafahamu wapo wazazi watakaokuandikia kulalamika. Kifo kiwekwe mbali, watasema, watoto wataota ndoto mbaya. Mimi nilichokiona ni tofauti. Niliwaeleza wajukuu jinsi bweha wawili wanavyomwinda ndama wa swala: akiwa mmoja, mama humshambulia na mara nyingi humfukuza, wakiwa wawili, mmoja anamshughulisha mama na mwingine anamchukua mtoto. Palikuwa kimya. Nikajua nimeharibu usiku. Kisha mdogo akauliza, "Na watoto wa bweha wanakula nini?" Nikamwambia wanamsubiri mlangoni mwa shimo, na baba na mama wakifika huwatapikia nyama. Akafikiri. Akauliza kama wanagawana sawa.

Swali hilo halikutoka kwenye hadithi ya mnyama mwema na mnyama mbaya. Kama mwandishi ataona hadithi inataka mama wa ndama awe ameliwa kweli, basi na aliwe, lakini tumwone aliyemla akienda kulisha wake. Ninachopinga ni kuokoa kila mnyama mzuri wa sura na kulaani kila mwenye kipara.

Kuhusu mwisho wa hadithi nina woga mmoja. Waandishi hupenda mnyama aliyeokolewa arudi miaka ya baadaye, awatambue waliomlea, aje kuweka kichwa kwenye bega la dada. Msifanye hivyo. Ndama akishalazwa kwenye nyasi, watoto warudi nyuma mbali kabisa, walale kifudifudi, wangoje. Jike aje kwa mapindo yake. Amwite. Kisha waondoke wote wawili bila hata kutazama upande walipo watoto, na kaka achukie kidogo, aseme, "Hata asante?" Mwacheni achukie. Nami siku ile nyuma ya kichuguu nilitamani yule jike ajue kuwa nilikuwepo, na mkuu wangu aliniambia kwamba angejua, nisingeona kitu.

Ndugu Mhariri, sikuombi usitishe hadithi. Ukifanya hivyo nitafukuzwa nyumbani. Naomba tu kwamba hadithi za porini, kabla ya kuchapwa, zipite mikononi mwa mtu aliyewahi kukaa porini, kama vile ukurasa wenu wa afya unavyopita kwa daktari. Wastaafu wa kazi yangu tupo wengi, tunasoma, tuna muda, na malipo yetu ni gazeti lenyewe likifika asubuhi. Anwani yangu mnayo. Rasimu ikinifikia jioni, itarudi kesho yake, na sitagusa lugha ya mtunzi. Nitaweka alama pembeni tu.

Alama ya kwanza naiweka leo, nayo inamhusu mchoraji. Ndama wa sehemu ya pili mmemchora na pembe. Wa umri ule hana pembe hata chembe, ni manyoya tu pale kwenye paji, na mjukuu mkubwa ndiye aliyeligundua, si mimi.

Wako,
Askari mstaafu wa wanyamapori